Kuchora Vitamutamu Kidijitali: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa mtu wa Dar mwenye simu, kishikwambi au kompyuta, anayependa kuchora, na ambaye hawezi kupita mbele ya karai la kaimati bila kugeuza shingo. Maswali ni yale ambayo watu hunitumia. Sikuyapanga kwa ugumu wala kwa umuhimu, kwa hiyo ruka utakavyo.

Nianze na kitamu gani?

Kaimati. Ni ya mviringo, hivyo umbo halikusumbui. Ina ganda la kahawia, ina shira juu, na zikiwa bakulini zinatupiana vivuli. Ukiiweza kaimati, andazi na kitumbua havitakupa shida sana.

Ila ushauri wangu mkubwa hauhusu kaimati peke yake. Shika kitu kimoja ukichore kwa mitindo mingi, badala ya kushika mtindo mmoja na kuuvalisha kila kitu. Wengi hufanya kinyume. Mtu anaona video ya mchoro wa katuni wenye mng'ao mweupe kwenye kona, anaupenda, basi anaubandika kwenye keki, kwenye halua, kwenye kashata, hata kwenye mkate wa kumimina ambao wala haung'ai. Ukibaki na bakuli lilelile la kaimati wiki nzima, kinachobadilika ni mtindo tu, na hapo ndipo unapoona kila mtindo unakupa nini na unakunyima nini.

Nina simu tu. Inatosha?

Inatosha. Programu ya ibisPaint inafanya kazi kwenye Android na iPhone, ina leya (tabaka za mchoro zinazopandana), ina brashi tele, na inaweza kukurekodia video ya mchoro unavyokua. Toleo la bure lina matangazo, na baadhi ya brashi hufunguka ukikubali kutazama tangazo, kwa hiyo angalia bando lako. Kalamu ya bei nafuu yenye ncha ya mpira inasaidia, ingawa haitambui mkono unavyokandamiza: ubonyeze kwa nguvu au polepole, mstari ni uleule. Kidole nacho kinachora vizuri tu.

Mwenye laptop apakue Krita. Ni ya bure, haina matangazo, na imetengenezwa kwa ajili ya wachoraji hasa. Itakubidi utafute ubao wa kuchorea wa kuchomeka. Huion, XP-Pen na Wacom ndiyo majina utakayoyasikia madukani. Procreate ni nzuri sana, unailipia mara moja, lakini ni ya iPad. Usikope hela ya iPad kwa sababu ya kaimati.

Kaimati zangu zinatoka kama viazi. Tatizo liko wapi?

Kwenye mng'ao. Ngozi ya kiazi ni kavu, mwanga ukiipiga unatawanyika kila upande. Kaimati iliyochovywa kwenye shira ina utando laini wa sukari, na utando huo unaurudisha mwanga moja kwa moja. Ndiyo maana doa la mwanga juu yake ni dogo, linakaribia kuwa jeupe kabisa, na kingo zake ni kali. Wanaoanza hupaka doa kubwa kisha wakalififisha kwa brashi laini. Hapo umeshapata kiazi, tena kilichopakwa poda.

Iweke kaimati moja kwenye sahani karibu na dirisha uitazame kwa makini. Doa lile si duara. Ni dirisha lenyewe, limepinda kufuata mviringo, na mara nyingi hata nondo zinaonekana zikilikata vipande. Pale ganda lilipopasuka kwenye mafuta, doa linakatika, linaruka ufa, linaendelea ng'ambo likiwa jembamba. Teremsha macho hadi chini kabisa, pale kaimati inapogusa sahani. Kuna kistari hafifu cha rangi ya chungwa. Huo ni mwanga uliopita kwenye tone la shira lililojikusanya pale, ukarudi juu. Watu wengi hawakioni, na hicho ndicho kinachomwambia mtazamaji kwamba kitu hiki kimelowa sukari.

Kwa mpangilio wa leya: ya kwanza ni kahawia bapa. Ya pili ni kivuli. Ibadili iwe Multiply kwenye menyu ya leya, yaani rangi yake itie giza kilicho chini bila kukifunika, na rangi yake iwe zambarau iliyofifia au nyekundu iliyokolea, isiwe nyeusi. Ya tatu ni ule mwanga wa chungwa wa chini. Mwisho kabisa chukua brashi ngumu, nyeupe yenye unjano kidogo, piga doa lako mara moja, uliache. Kila ukilirudia linazidi kupoteza ukali.

Vitamu vyetu karibu vyote ni kahawia. Nitafanyaje vivutie?

Ni kweli. Maandazi, visheti, kaimati, kashata za karanga, skonzi: kahawia juu ya kahawia. Wanaochora makaroni za Kifaransa (vile vibiskuti vya lozi, si tambi) wamepewa waridi, kijani na zambarau bila kuhangaika.

Ukifungua kiteua rangi na kuweka chungwa, karibu na nyuzi 30 kwenye duara la rangi, kisha ukateremsha mwangaza, unapata kahawia. Yaani kahawia ni chungwa lililopunguziwa mwanga, basi. Ukishajua hilo, unajua pa kwenda: kwenye sehemu za mwanga sogea upande wa njano, kwenye vivuli sogea upande wa nyekundu na zambarau. Anayetengeneza kivuli kwa kuongeza nyeusi tu anaishia na tope, na hakuna anayetamani tope.

Halafu kuna suala la majirani. Mkemia wa Kifaransa Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia utiaji rangi wa nyuzi kwenye kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, alichapisha mwaka 1839 kitabu kizima kuhusu namna rangi mbili zilizokaa pamoja zinavyobadilishana sura. Chungwa na bluu zinapandishana. Weka visheti kwenye sahani nyeupe ya bati yenye ukingo wa bluu, ile ambayo haikosekani kwenye kabati la bibi, na kahawia inachangamka bila wewe kuigusa. Ukiviweka visheti hivyohivyo juu ya meza ya mbao, vinazama.

Na kama unadhani kahawia haifai kuwa picha, mtafute Claude Monet. Mwaka 1882, akiwa Pourville kwenye pwani ya Ufaransa, alichora picha iitwayo Les Galettes: vitafunwa vya mpishi wa hoteli, vya duara, vya hudhurungi, juu ya vyombo vya kusukwa ambavyo ukivitazama utasema ni nyungo. Hamna krimu, hamna tunda jekundu la kupamba. Mipigo ya brashi inazunguka pamoja na umbo la kitafunwa, na hiyo inatosha. Jaribu hivyo kwa kitumbua: ukingo mkavu uliokolea, katikati nyeupe ya mchele yenye vitundu, brashi ikizunguka kama kilivyozungukwa na chuma chake.

Halua yangu inatoka nzito, haina uhai. Nifanyeje?

Halua haifuati kanuni za kaimati. Kwenye kaimati mwanga unaishia juu. Kwenye halua unaingia ndani. Wanga, sukari na samli vikisongwa motoni kwa muda mrefu vinageuka kitu kinachopitisha mwanga nusunusu. Mwanga unaingia upande mmoja, unatangatanga, unatokea upande mwingine ukiwa umeshapata rangi. Kwa hiyo kivuli nacho kinakuwa na tabia ngeni: ukingo mwembamba ulio mbali na taa unaweza kuwaka kuliko katikati.

Kata kipande, kiinue kwa uma mbele ya taa. Katikati ni giza la kahawia. Karibu na ukingo inakuwa nyekundu, halafu chungwa la zafarani, na pale kisu kilipoacha kijipande chembamba inakaribia kuwa ya dhahabu. Lozi za ndani hazionekani wazi. Unaona vivuli vyake tu, vyenye kingo zilizofifia, isipokuwa ile moja iliyochomoza juu.

Mtindo unaoifaa ni ule wa wachoraji wa zamani wa rangi za mafuta, waliopaka rangi nyepesi juu ya nyepesi hadi kina kikapatikana. Kidijitali ni hivi: chora lozi kwanza, chini kabisa. Juu yake paka leya za Multiply zenye opasiti ndogo (rangi isiyofunika sana), asilimia 10 hadi 20, njano, kisha chungwa, kisha nyekundu, kila moja ikiacha ukingo zaidi kuliko iliyotangulia. Utaona rangi inajijenga yenyewe kuelekea katikati. Samli malizia kwa doa pana na laini kidogo, kwa sababu uso wa halua una mawimbi madogo, haujanyooka kama shira.

Jeli na tende zilizoiva sana nazo ni za njia hiihii. Kashata usiijaribie hivi. Utapoteza muda.

Keki je? Kila nikichora keki inakuwa picha ya tangazo.

Tangazo ndilo tulilolizoea, ndiyo maana. Keki iliyokatwa kipande kimoja, krimu inang'aa, jani la mnanaa juu. Tafuta picha za Mmarekani Wayne Thiebaud, aliyezaliwa mwaka 1920 na kufariki mwaka 2021. Ujanani alifanya kazi mgahawani, na kuanzia miaka ya 1960 akapata jina kwa kuchora keki, pai na ice cream zilizopangwa kwa safu kana kwamba ziko dukani. Picha yake Cakes ya mwaka 1963, iliyoko National Gallery of Art mjini Washington, ina keki 13 juu ya vigoda vyake, na nyuma yake hakuna kitu.

Kwake kuna mambo matatu ya kuiba. Rangi aliiweka nene, na brashi yake ilizunguka keki vilevile kisu cha mpambaji kinavyozungusha krimu, hata huwezi kusema rangi imeishia wapi na krimu imeanzia wapi. Vivuli vyake ni vya bluu, bluu kwelikweli, wala haoni haya. Na kwenye kingo za vitu aliacha vistari vyembamba vya rangi nyingi, chungwa, kijani, bluu, ambavyo ukiwa mbali huvioni lakini vinaifanya keki ionekane imejaa mwanga.

Vivuli na kingo vinaigika vizuri kwenye skrini. Unene ndio mtihani. Rangi halisi ikiwa nene, mwanga wa chumbani unagonga matuta yake, na wewe ukisogea matuta yanabadilika. Kwenye kioo cha simu hakuna tuta. Baadhi ya programu zina kitufe cha kuongeza unene wa bandia. Mimi sikipendi, kinaweka tuta la aina moja kila mahali na keki inakuwa ya plastiki. Ni afadhali uchukue brashi yenye nywele zinazoonekana, ufuate mzunguko wa keki, kisha uchore mwenyewe mwanga juu ya matuta machache na kivuli chini yake. Machache, si yote.

Pa kufanyia zoezi hili hapa mjini hapatafutwi. Kabati la vioo la mgahawa wowote wa Kariakoo au Magomeni, lenye maandazi rafu ya juu, skonzi ya kati na vipande vya keki chini, tayari lina safu, lina marudio, lina mwanga wa taa unaotoka juu. Mwombe mwenyewe ruhusa kabla hujapiga picha. Ukinunua andazi moja ruhusa inakuja haraka.

Naweza kuchora vitamu kwa mtindo wa Tingatinga?

Unaweza, na Dar ndiyo nyumbani kwake. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora hapa mjini mwaka 1968 kwa rangi za mafuta zinazong'aa, zile za kupakia baiskeli, juu ya vibao vya mraba. Alifariki mwaka 1972, kwa hiyo kazi yake yote ni ya miaka michache tu. Ndugu na wanafunzi wake wakaiendeleza, na ushirika wao bado uko Oysterbay, karibu na Morogoro Stores. Nenda ukakae uangalie mtu anavyoweka nukta, utajifunza kuliko kwenye video.

Utakachokiona ni kwamba kazi inakwenda kwa hatua, kila hatua ikingoja iliyotangulia ikauke: usuli (rangi ya nyuma), umbo bapa, mistari, nukta. Hizo ni leya, na mafundi wa Oysterbay walizifanya kabla programu hazijaziita hivyo. Rangi haichanganywi ili kutengeneza kivuli. Hakuna mwanga unaotoka kulia wala kushoto. Kwa hiyo yote niliyosema juu kuhusu mng'ao wa shira, hapa weka pembeni. Kaimati inakuwa duara la kahawia lenye pete za nukta za njano na nyeupe, na bakuli linaonekana kutoka juu na kutoka ubavuni kwa pamoja bila mtu kulalamika. Ongeza ndege wawili wanaogombania kashata na nafasi zilizobaki zijaze majani.

Ugumu ni kwamba mashine ni safi mno. Ukinakili nukta moja na kuibandika mara mia, picha inakufa. Nukta ya rangi ya mafuta ina tabia yake: hii imenenepa, ile imevutwa mkia, nyingine imegusana na jirani. Ziweke moja moja kwa mkono. Zima pia kile kifaa cha kunyoosha mistari, ambacho programu nyingi huja nacho kikiwa kimewashwa.

Kuhusu adabu ya kazi: kuchora kwa mtindo huu ni sawa, kunakili picha ya fundi aliyeko kazini na kuisaini jina lako ni wizi.

Kashata inafaa mtindo gani?

Nukta, ila za namna nyingine. Georges Seurat, yule Mfaransa aliyemaliza picha yake kubwa ya kisiwa cha La Grande Jatte mwaka 1886, aliweka vidoa vidogo vya rangi safi bila kuvichanganya, akaliachia jicho la mtazamaji kazi hiyo. Kashata ya ufuta imeshajichora hivyo yenyewe. Kila punje ina upande wa krimu, upande wa kivuli, na sukari iliyokolea katikati yake inatoa vidoa vya kahawia. Anza na kahawia chini, kisha vidoa vya krimu, njano, waridi hafifu na bluu chache kwenye kivuli. Usiweke brashi inayotawanya vidoa yenyewe kwa zaidi ya robo ya picha, maana jicho linaigundua.

Kashata ya nazi ni rahisi zaidi na haina raha kubwa. Iweke pembeni ya kikombe kidogo cha kahawa chungu, na ule weusi utakusaidia.

Na faluda, barafu za ukwaju, ice cream?

Rangi za maji. Brashi ya majimaji, karatasi nyeupe iachwe wazi pale panapong'aa, kingo ziruhusiwe kuvuja. Faluda ina tabaka za waridi na maziwa zinazoingiliana, na rangi za maji zinaingiliana hivyohivyo. Ice cream usiichore mbele yako kwa joto la Februari la Dar. Piga picha haraka, kula, kisha chora.

Kanga inaweza kuwa usuli?

Inaweza kuwa zaidi ya usuli. Inaweza kuwa muundo wa picha nzima. Kanga ina pindo kuzunguka pande nne, ina mji katikati, ina jina chini. Weka sinia la vitumbua kwenye mji, chora pindo kwa rangi mbili au tatu bapa, kisha andika jina lako mwenyewe. Niliwahi kuona rafiki ameandika "Kitamu nimekionja, maneno nawaachia" chini ya kipande cha keki ya harusi, na watu wakaanza kuulizana harusi ya nani.

Picha hii inapendeza pale mitindo miwili inapokutana: pindo bapa kama lilivyochapwa kiwandani, na vitumbua vya katikati vyenye mwanga na kivuli kamili. Ukivifanya vyote bapa unapata kitambaa, na ukiweka kivuli kila mahali pindo linachafuka. Kama unaitandika kanga mezani yenye mikunjo, usichore maua moja moja juu ya mikunjo. Chora maua kwenye leya bapa, kisha tumia kifaa cha kupinda picha kuyafuatisha na mkunjo, halafu weka kivuli kwa Multiply.

Na michoro ya pikseli (vijimraba vya rangi)?

Anza na kanvasi ya pikseli 32 kwa 32 na rangi zisizozidi nane. Kitumbua kinatosha humo, visheti kwa shida. Ni zoezi zuri la kujua ni kitu gani hasa kinachofanya sambusa isiwe andazi, kwa sababu huna nafasi ya kupamba.

Nipige picha za mfano saa ngapi?

Asubuhi kabla ya saa tatu, au kuanzia saa kumi jioni. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo mchana jua linakuwa juu sana karibu mwaka mzima. Mwanzoni mwa Machi na karibu na katikati ya Oktoba linapita utosini kabisa. Mwanga wa utosini unaua umbo: kivuli kinajificha chini ya kitu, na andazi linakuwa doa. Unautaka mwanga wa ubavuni. Mlangoni au dirishani ndani ya nyumba, bila kuwasha taa ya chumba, ndipo mahali bora. Flashi ya simu izime. Inaweka doa katikati ya kila kaimati, kwa umbo moja, na hutaliondoa.

Kwenye Ramadhani futari inakaribia na mwanga unaondoka kwa wakati mmoja. Piga picha vikishapangwa tu, kabla wageni hawajakaa. Wenye njaa hawangoji msanii.

Rangi nilizochora usiku zinakuwa nyingine asubuhi. Kwa nini?

Angalia kama simu yako ina mpangilio wa kulinda macho usiku. Unaufanya kioo kiwe cha njano, wewe unaongeza bluu ili kufidia, kesho yake maandazi yamepauka. Uzime unapochora. Mwangaza wa kioo nao usiuache ujibadilishe wenyewe.

Nataka kuchapisha kwenye karatasi au maboksi ya keki. Niandae nini?

Ukubwa upange kabla hujaanza, kwa sababu kuukuza baadaye kunafifisha picha. A4 kwa nukta 300 kwa inchi ni pikseli 2480 kwa 3508. Simu yenye kumbukumbu ndogo itakupunguzia idadi ya leya kwa ukubwa huo, basi unganisha zile ulizomaliza nazo. Kwa Instagram peke yake upana wa pikseli 1080 unatosha.

Rangi za kioo hazitoki zote kwenye wino. Waridi kali la faluda na kijani cha pistachio ndivyo vinavyoumia zaidi, vinatoka vimezubaa. Kahawia zetu, kwa bahati nzuri, zinatoka vizuri. Mwombe mchapaji kipande cha majaribio kabla hujaagiza maboksi mengi. Pale Kariakoo wengine watakunung'unikia, ng'ang'ania. Na hifadhi kazi yako mara kwa mara, hasa ukiwa na kompyuta ya mezani, maana umeme haupigi hodi ukikatika.

Mpishi wa keki ameniomba nimchoree nembo na menyu. Haki ni za nani?

Mkubaliane kwa maandishi kabla ya kazi, hata kama ni kwa ujumbe wa simu: atatumia wapi, kwa muda gani, na je, anaweza kubadilisha. Tanzania Bara ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na ofisi inayoisimamia ni COSOTA. Kazi yako inalindwa tangu unapoichora. Kusajili kunakusaidia siku ya ubishi. Zanzibar wana COSOZA. Picha za mfano ulizozichukua mtandaoni zina wenyewe pia, kwa hiyo piga zako. Kaimati si adimu.

Akili mnemba si itachora yote haya kwa sekunde?

Itachora kitu. Mara nyingi kaimati inakuwa donati ndogo na halua inakuwa jeli. Ila hata ingepatia, zoezi hapa ni kutazama kistari cha chungwa chini ya kaimati, na hilo haiwezi kukufanyia.

Nitawapata wapi wachoraji wengine?

Nafasi Art Space, Mikocheni, wamekuwepo tangu mwaka 2008, wana studio za wasanii na maonyesho. Oysterbay kwa Tingatinga nimeshasema. Ukiwa mjini, pita Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert. Wengi utakaowakuta wanatumia rangi na turubai, na ndiyo faida yake: muulize anayepaka rangi nene kwa mkono anavyoanza keki.

Kuna kitamu usichokishauri?

Ubuyu. Ni mwekundu, ni mdogo, umepakwa sukari na unga wa rangi, hivyo haung'ai wala haupitishi mwanga, na ukiuchora peke yake hakuna atakayeutambua. Kama lazima uuchore, uchore ndani ya kifuko chake cha nailoni kilichofungwa fundo, na pembeni weka mtoto mwenye midomo na vidole vyekundu. Midomo ndiyo itakayousema.